Mbuzi wa Taarifa ya Saa Saba

Loise Wakesho alikuwa amesoma masomo kanisani kwa miaka kumi na sita kabla hajasoma habari hata moja redioni, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Jumanne ile, saa saba na dakika tisa mchana, ndani ya kile chumba kidogo cha Redio Iyale mjini Voi, alifika mwisho wa habari ya tatu. Ilikuwa habari ya kusikitisha. Fisi walikuwa wameingia zizini kule Kishushe wakaua mbuzi kumi na wanne wa Bwana Alexander Mwangeka, mfanyabiashara wa mabati na saruji anayejulikana kaunti nzima. Loise aliisoma vizuri, polepole, kwa ile sauti iliyompatia kazi. Akafika kwenye nukta ya mwisho, akainua macho kutoka kwenye karatasi kama alivyofanya Jumapili zote hizo, akasema:

"Hilo ndilo neno la Bwana."

Mtu mwingine angekohoa, akacheka kidogo, akaendelea na habari ya nne. Loise hakukohoa. Alinyamaza akangoja, maana kanisani msomaji akishasema hivyo hungoja. Na upande wa pili wa kioo, Omolo, fundi wa mitambo, naye ni mwanakwaya tangu utotoni, na kipaza sauti chake kilikuwa wazi kwa sababu alikuwa karibu kutaja saa. Akaitikia bila hata kuinua kichwa:

"Tumshukuru Mungu."

Jamani! Mbuzi wa mtu wameuawa, kumi na wanne, na redio inamshukuru Mungu. Watu walisikia kuanzia Mahoo hadi Ndara. Mazoea yana taabu, wazee hawakukosea. Loise mwenyewe hakutambua alichokisema mpaka alipomwona Omolo ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Habari ya nne aliisoma mbio mbio, ya tano akairuka.

Ingekuwa wiki nyingine, labda angecheka pia. Lakini Ijumaa ya wiki hiyo miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inakwisha. Barua ya ajira ilikuwa imeshachapishwa, iko mezani kwa meneja, imebaki sahihi tu. Loise alikuwa na miaka arobaini na minne. Miaka tisa alikuwa amefagia ofisi za watu, watu wanampita na ndoo yake bila hata kumsalimia, na leo wale wale walikuwa wanapunguza makelele saa saba ikifika ili wamsikie. Aliitaka ile barua kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu aolewe.

Mumewe, Ronald, ni fundi cherehani. Hukaa barazani karibu na soko, redio yake ndogo imening'inizwa juu ya mlango, na tangu Loise aanze kazi ilikuwa haizimwi. Jumatano asubuhi mteja wa kwanza alikuja kuchukua suruali.

"Haijaisha, ndugu yangu," Ronald akamwambia. "Njoo kesho."

"Tumshukuru Mungu," akajibu mteja, na baraza zima likavunjika mbavu.

Ukawa ndio wimbo wa siku. Bei ya nyanya imepanda, tumshukuru Mungu. Maji yamekatika Mwakingali, tumshukuru Mungu. Kijana wa pikipiki akapita akipiga honi na kupaza sauti, "Mzee Ronald! Leo kuna somo la pili?" Ronald akainamisha kichwa juu ya cherehani, akashona mshono mmoja mara tatu.

Jioni, mezani, binti yao Wendy alikuwa na simu mkononi na anajaribu sana asicheke. Wendy anasoma kompyuta katika chuo kimoja pale mjini, na mambo ya mitandao hayampiti.

"Mum, uko trending," akasema. "Watu elfu kumi na mbili wameshaiona ile rekodi. Kuna mtu ameiwekea ngoma."

"Zima."

"Lakini wanakupenda! Wanasema sauti yako—"

"Nimesema uzime, Wendy!"

Ronald akakata ugali, akauchovya kwenye mboga, asiule.

"Na wewe," Loise akamgeukia, "uliniacha watu wanicheke barazani kwako siku nzima?"

"Nilikutetea."

"Ulisemaje?"

Ronald akatafuta pa kutazama. "Nilikutetea baada ya kucheka," akakiri. "Jana, iliposemwa, nililala juu ya cherehani, mke wangu. Sikuweza kujizuia. Lakini leo nimenuna kutwa nzima kwa ajili yako."

Loise alitaka kukasirika, akashindwa, na badala yake machozi yakamtoka. "Mnajua yule Ben anayeandika habari huwa ananiletea nini?" akasema huku akijifuta kwa ncha ya leso. "Wiki jana ameandika, marehemu aliwaambia polisi kwamba hakuliona lori. Marehemu! Juzi ameandika mvua kubwa inatarajiwa kunyesha jana. Nikisoma mimi hamsikii, maana nimeshazirekebisha. Yake kumi nimeyaficha, langu moja limenishinda kulificha."

"Na meneja amesemaje?" Ronald akauliza.

Alichokisema meneja ndicho kilichokuwa kikimsumbua tangu saa nne asubuhi. Festus Mwanzia si mtu mbaya. Ni mtu mwenye hofu, na mtu mwenye hofu akiwa bosi huwa na maneno mengi. Alikuwa amemwita Loise ofisini, akauacha mlango wazi, wenzake wote wakisikia, akamsomea ujumbe wa Bwana Alexander kutoka kwenye simu bila kumkaribisha kiti.

"Anasema tumeshangilia hasara yake. Anasema tumelipwa na maadui zake. Mama Wendy, unajua tangazo lake la mabati linalia mara ngapi kwa siku hapa?"

"Mara kumi na mbili, bosi."

"Mara kumi na mbili! Ndilo linalolipa stima inayowasha hicho kipaza sauti chako. Sasa sikiliza. Kesho wewe na Omolo mtaenda Kishushe. Yeye atakuwa huko zizini. Mmwombe msamaha uso kwa uso. Ijumaa saa saba utasoma msamaha nitakaouandika mimi, neno kwa neno. Akiridhika, barua yako ipo hapa." Akagusa bahasha. "Asiporidhika, usiniwekee lawama."

"Na nisipoenda?"

"Mama Wendy," akasema Festus, sasa kwa sauti ya chini kidogo, "tafadhali nenda."

Omolo alikuwa na pikipiki. Waliondoka Voi Alhamisi alfajiri, Loise amejifunga leso mbili kichwani, na walipofika Kishushe vumbi jekundu lilikuwa limewafanya wafanane kama ndugu wa tumbo moja. Njiani walikutana na lori moja tu, likitoka kwenye machimbo, na punda wengi.

"Mama Wendy," Omolo akasema akizima injini, "mimi nitasema nini kwa huyo mzee? Wewe ulisema kwa makosa. Mimi nilimshukuru Mungu kwa moyo wangu wote."

"Utasema pole kama watu wengine. Na usiongeze."

Bwana Alexander hakuwa amefika. Zizini walikuwako wanawake watano wamekaa kando ya ngozi za mbuzi zilizotandazwa chini na kubanwa kwa mawe. Fisi hawakula mbuzi wote. Wengi waliwararua wakawaacha. Mkubwa wa wale wanawake, mama mwembamba mwenye sweta ya kijani, akawatazama toka juu hadi chini.

"Nyinyi ndio wa redio?"

"Ndio, mama," Loise akasema.

"Mlioshukuru Mungu?"

Omolo akatazama viatu vyake. Loise akaanza yale maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima, kwamba haikuwa kusudi, kwamba ulimi hauna mfupa, lakini yule mama akamkata kwa mkono.

"Wacha, dada. Sisi tulicheka. Umelia siku mbili, kicheko kikikupitia mlangoni unakishika. Mghoi hapa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi naitwa Nthambi. Hilo la kushukuru si kosa. Kosa lenu ni lile lingine."

"Lipi?"

"Mmesema mbuzi ni wa Alexander."

Loise akageuka kumwangalia Omolo, Omolo naye akamwangalia yeye. Karatasi ya Ben ilisema hivyo. Ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko zote za wiki hiyo, haikuwa na marehemu wa kuongea wala mvua ya jana, na Loise hakuwa ameigusa hata neno moja.

"Kwani si wake?"

"Ardhi ni yake," Nthambi akasema. "Kisima ni chake. Alituruhusu tulishe hapa, nasi tunamfagilia nyumba na kumchotea maji, hatuna neno. Lakini mbuzi ni wetu. Njoo uone."

Akapiga magoti kando ya ngozi ya kwanza, akanyanyua sikio. Lilikuwa limekatwa mkato mmoja ubavuni. "Huyu wangu. Yule pale, mikato miwili, wa Mghoi. Yule ncha imeondolewa kabisa, wa Malemba. Mkawasi anatoboa tundu. Evelyn anakata sikio la kushoto peke yake. Mbuzi wa mtu mmoja hawana alama tano. Hata mtoto wa huku anajua hivyo."

Loise alitoka ngozi hadi ngozi, akainama kwenye kila sikio. Wanawake wakamfuata, na kila mmoja alipofika kwa mbuzi wake alilitaja jina la mnyama. Kulikuwa na mmoja aliyeitwa Mpole.

"Jana alikuja afisa wa wanyamapori na fomu ya fidia," Nthambi akaendelea, na hapo ndipo sauti yake ilipokwaruza kwa mara ya kwanza. "Nikamwambia hawa wanne ni wangu. Yeye alikuwa ameshaandika jina la Alexander, na fomu inaondoka Ijumaa jioni. Akaniambia, mama, mbona redio imesema ni wa huyu mzee? Nimesikia kwa masikio yangu, hata yule mama anayesoma vizuri ndiye aliyesoma. Nikakosa la kusema. Ningesema nini? Wewe unasoma vizuri kweli."

Loise aliona aibu ambayo ya Jumanne haikufika hata robo yake. Ile ya Jumanne iliuchoma uso tu. Akatoa simu, akaanza kupiga picha masikio, moja moja, kisha akamwachia Nthambi namba yake.

Pikapu ya Bwana Alexander ilifika karibu saa tano. Alishuka, mzee nadhifu, kofia kichwani, akawaamkua wanawake kwa heshima zote, kisha akawasimamisha Loise na Omolo juani mbele ya dereva wake.

"Haya. Nawasikiliza."

Wakaomba msamaha. Loise akaomba wa kweli, kwa kuwa mzaha juu ya msiba wa mtu ni mzaha mbaya hata kama hukuukusudia. Mzee akamwambia arudie, hakusikia vizuri. Akarudia.

"Nimekusamehe," Bwana Alexander akasema. "Mimi sina kinyongo. Nitamwambia Mwanzia akupe barua yako. Nimesikia kuna barua."

Kwa hiyo barua ilikuwa imepatikana. Alichotakiwa kufanya ni kusema ahsante, apande pikipiki, arudi kwake. Omolo alikuwa ameshashika kofia yake ya pikipiki.

"Mzee," Loise akasema, "samahani. Hawa mbuzi walikuwa wako?"

"Wanalala kwenye ardhi yangu. Wanakunywa maji yangu. Watakuwa wa nani?"

"Masikio yana alama tofauti."

Bwana Alexander akatabasamu kidogo, kama mtu anayemvumilia mtoto. "Mama, umekuja kuomba msamaha au kuhesabu masikio? Hiyo fidia ikija, mimi nitajua namna ya kuwaangalia hawa kina mama. Ni watu wangu. Wewe kesho soma msamaha wako. Nitakuwa nasikiliza." Akarudi kwenye pikapu, na wanawake wakarudi kukaa kando ya ngozi zao.

Ijumaa asubuhi Ronald alimpigia pasi gauni la bluu, ingawa redioni hakuna anayeona gauni. Loise alikuwa amemweleza yote, na hakuwa amelala vizuri.

"Nikisoma alichoandika Festus, napata barua," akasema. "Nikisema ukweli, narudi kwenye ndoo. Sasa niambie."

Ronald akageuza gauni, akapiga pasi mgongoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache huyapima kwanza kwa futi yake ya fundi. "Mimi nikimkatia mtu koti la mwenzake, nalifumua," akasema. "Hata kama keshalilipia. Ukifukuzwa, nitakufundisha kushona vifungo."

"Mimi vifungo siviwezi."

"Najua. Utaniharibia wateja. Vaa, utachelewa."

Ofisini aliweka simu mezani mbele ya Festus na Ben, picha za masikio moja baada ya nyingine. Ben, kijana mwepesi wa vidole, akasawijika.

"Mimi nilimpigia simu mzee," akasema. "Akaniambia mbuzi wangu. Nikaandika wa Bwana Alexander."

"Ulimuuliza mtu mwingine yeyote?"

"Nilikuwa na habari saba za kuandika, mama. Nilimuuliza nani tena?"

Festus alizitazama picha kwa muda mrefu. Alitoka nyumba yenye mifugo kule Mtito, alama za masikio hakuhitaji kufundishwa. Kisha akasukuma karatasi ya msamaha mbele ya Loise. "Soma hii leo. Haya mengine tutayaangalia wiki ijayo."

"Fomu inaondoka leo jioni, bosi. Wiki ijayo tutakuwa tunaangalia nini?"

"Unataka nifunge redio?"

"Nataka nisome kitu ambacho ni kweli. Nilichosoma Jumanne kimemnyang'anya mtu mbuzi wake. Fisi waliwaua, sisi tukawachukua."

Festus alinyanyuka akaenda dirishani, akasimama akiwapa mgongo, mikono mfukoni. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Saa sita na dakika hamsini na nane Omolo akagonga kioo.

Loise alikaa, akavaa vyombo vya masikioni, akaweka karatasi mbili mbele yake: ya Festus na yake. Omolo, kwa usalama wake mwenyewe, alikuwa amezima kipaza sauti chake na kukigeuzia ukutani. Taa nyekundu ikawaka. Loise akapiga moyo konde, akaifunika ile ya Festus.

"Hujambo msikilizaji. Hii ni taarifa ya saa saba kutoka Redio Iyale, nami ni Loise Wakesho. Kabla ya habari, nina marekebisho mawili. Siku ya Jumanne, baada ya habari ya mbuzi waliouawa na fisi Kishushe, nilisema maneno ya kanisani yasiyostahili mahali pale. Yalinitoka kwa mazoea. Nawaomba radhi wote waliopata hasara ile." Akameza mate. "La pili. Habari hiyo ilisema kwamba mbuzi kumi na wanne walikuwa wa Bwana Alexander Mwangeka. Haikuwa kweli. Zizi liko kwenye ardhi yake, na mbuzi walikuwa wa wanawake watano wa Kishushe, kama alama za masikioni zinavyoonyesha. Nayataja majina yao. Nthambi, mbuzi wanne. Mghoi, mbuzi watatu. Malemba, mbuzi watatu. Mkawasi, mbuzi wawili. Evelyn, mbuzi wawili. Sasa habari."

Aliyasoma majina kwa sauti ile ile ya miaka kumi na sita, kila jina na nafasi yake. Barazani kwa Ronald cherehani ilisimama. Yule mteja wa suruali alikuwapo, akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

Simu ya ofisini ililia kabla habari ya kwanza haijaisha. Festus aliiacha ilie mara nne. Loise, huku akisoma, alikuwa akimwona kupitia kioo: ameinua, ameisogeza mbali na sikio kwa ajili ya makelele, ameirudisha. Alipomaliza kusoma na kutoka, mlango wa ofisi ulikuwa wazi kama kawaida.

"Nimesikia, mzee," Festus alikuwa akisema. "Nimesikia. Hapana, hakukosea kusoma. Picha ninazo hapa... Najua tangazo ni lako. Ukiliondoa itatuuma, sitakudanganya. Lakini masikio ni masikio, mzee, hata wewe unajua." Akasikiliza. Jasho lilikuwa limemjaa kwenye paji la uso. "Nani? Ni mtangazaji wetu huyo. Wa kudumu. Barua yake niliitia sahihi asubuhi."

Hakuwa ameitia sahihi asubuhi. Alipoiweka simu chini ndipo alipoivuta bahasha, akatafuta kalamu kwenye mifuko yote mitatu, akaikosa, akaazima ya Ben. Akaandika jina lake haraka haraka kama mtu anayeogopa kubadili nia.

"Chukua kabla sijafikiri," akamwambia Loise. "Na Mungu atusaidie tupate muuza mabati mwingine."

Loise aliishika barua kwa mikono miwili na hakuweza kuisoma, yeye aliyekuwa msomaji. Simu yake ikatikisika mfukoni. Namba ngeni.

"Mama wa redio? Ni Nthambi." Upepo ulikuwa ukivuma nyuma ya sauti yake, na wanawake wengine walikuwa wakiongea wote kwa pamoja. "Yule afisa amesikia redio akiwa hapa jirani, amerudi sasa hivi. Ameleta fomu mpya tano. Yuko hapa amekaa juu ya jiwe, ananiuliza jina langu aliandike vipi."

Loise akaegemea ukuta wa kile kikorido, barua kifuani, machozi yakimtiririka bila kujali nani anapita.

"Mwambie aliandike kama nilivyolisoma," akasema.